Paji la Uso Halisemi Yote: Vipimajoto Visivyogusa Mwili na Homa ya Mtoto Nyumbani

Usiku wa manane mtoto wa miaka miwili anaamka akilia. Mikono na miguu yake ni ya baridi, meno yanagongana, naye anajikunyata kifuani mwa mama yake. Mama anamgusa tumbo na kuhisi linachoma. Anawasha taa, anachukua kipimajoto chenye umbo la bastola kilichonunuliwa dukani, anakielekeza kwenye paji la uso la mtoto na kubonyeza. Sekunde moja tu, na kioo kinawaka rangi ya kijani: 36.4. Mama anashusha pumzi. Kiganja chake kilimwambia jambo jingine, lakini nani abishane na mashine? Anamfunika mtoto na kuamua kusubiri kupambazuke.

Mkasa wa namna hii unaweza kutokea katika nyumba yoyote yenye kifaa hicho, na nyumba hizo zimeongezeka. Watu wengi wa Afrika walikutana na vipimajoto hivi kwa mara ya kwanza katika viwanja vya ndege na mipakani wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2014 hadi 2016 huko Afrika Magharibi. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulivifikisha kwenye milango ya benki, shule na nyumba za ibada. Baadaye bei ilishuka, vikaingia majumbani. Sifa zake zinaeleweka: vina kasi, havimwamshi mtoto aliyelala, havipasuki kama vile vya kioo, na kwa kuwa havigusi ngozi havihamishi vijidudu kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine.

Hata hivyo, kasi si usahihi. Namba inayotokea kwenye kioo inaweza kumshtua mzazi kwa haki, lakini haina mamlaka ya kumtuliza pale mtoto anapoonekana mgonjwa.

Kifaa hupima nini?

Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kipimajoto kilichokuwa nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu, kilipanda kuliko vingine. Hiyo ndiyo mionzi inayoitwa leo infraredi. Kila kitu chenye joto huitoa, na ngozi ya binadamu huitoa kwa wingi.

Kipimajoto cha paji hukusanya mionzi hiyo kwa lenzi ndogo na kuielekeza kwenye kihisio kinachogeuza joto kuwa umeme mdogo, kisha programu iliyomo ndani hugeuza umeme huo kuwa namba. Kifaa hupokea mionzi ya mwili. Hakipigi mionzi kichwani. Uvumi ulioenea mwaka 2020 kwamba kinaharibu ubongo hauna msingi. Tahadhari inayostahili ni moja tu: kama kina taa nyekundu ya kulengea, isielekezwe machoni.

Jambo la msingi ni kwamba kifaa hiki hupima ngozi, si joto la ndani ya mwili. Ngozi ya paji kwa kawaida ni baridi kuliko damu iliyo ndani. Kwa hiyo programu huongeza kiasi fulani juu ya ilichokipima, kisha huonyesha makadirio. Makadirio hayo huchukulia kwamba chumba kimetulia, ngozi ni kavu, na damu inapita kwenye ngozi kama kawaida. Mojawapo likikosekana, namba hupotoka.

Mwili unapoificha homa

Homa inapoanza kupanda, ubongo huuamuru mwili uhifadhi joto. Mishipa midogo ya damu kwenye ngozi husinyaa, misuli hutetemeka, na mgonjwa huhisi baridi kali hata akifunikwa blanketi mbili. Katika dakika hizo joto la ndani linapanda kwa kasi huku ngozi ikipoa. Homa inapoanza kushuka, jasho hutoka na kuipoza ngozi tena. Kwa hiyo, katika vipindi viwili ambavyo mzazi ana hofu zaidi, wakati wa kutetemeka na wakati wa kutoka jasho, paji la uso ndipo linapoweza kudanganya zaidi.

Katika maeneo yenye malaria jambo hili ni la uhai na kifo. Vimelea vya malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua kwa awamu, ndiyo maana homa hupanda na kushuka. Namba ya kawaida saa nne usiku haithibitishi kwamba hapakuwa na homa jioni, wala kwamba haitarudi alfajiri. Malaria kali kwa mtoto mdogo hukua haraka. Mtoto anapaswa kupimwa na kutibiwa ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Usiku mmoja wa kusubiri hula sehemu kubwa ya muda huo.

Utafiti umeonyesha nini?

Mwaka 2021 jarida la Scientific Reports lilichapisha utafiti uliolinganisha aina sita za vipimajoto visivyogusa mwili na kipimajoto cha mdomoni kwa watu wazima 1,113. Kutegemea aina ya kifaa, asilimia 48 hadi 88 ya vipimo vilitoka nje ya kiwango cha usahihi ambacho watengenezaji wenyewe walikitangaza. Aina iliyopunguza zaidi ilionyesha, kwa wastani, karibu nyuzijoto 0.9 chini ya joto la mdomoni. Katika kuwatambua watu wenye joto lililozidi nyuzijoto 38 za Selsiasi, aina iliyofanya vizuri zaidi iligundua takriban 69 katika kila 100. Iliyofanya vibaya zaidi haikumgundua hata mmoja.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory nchini Marekani walichunguza kifaa cha jamii hiyohiyo, kile kinachopitishwa juu ya ngozi ya paji hadi kwenye mshipa wa panja. Kwa wagonjwa weusi waliolazwa hospitalini, kifaa hicho kilikuwa na nafasi ndogo ya kugundua homa kuliko kipimajoto cha mdomoni. Kwa wagonjwa weupe tofauti hiyo haikuonekana. Ingawa kifaa kile si sawa na bastola ya dukani, matokeo hayo ni onyo kwa kila anayetegemea paji la uso peke yake.

Makosa ya kawaida nyumbani

Si lawama zote ni za kifaa. Vingi vina hali mbili: ya kupima mwili na ya kupima vitu, kama vile maziwa au maji ya kuogea. Kifaa kikiachwa katika hali ya vitu, huonyesha joto halisi la ngozi bila kuongeza chochote, na mtoto mwenye homa anaweza kuonekana mzima. Kabla ya kila kipimo, mzazi ahakikishe kipo katika hali ya mwili.

Mazingira nayo yana neno lake. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hushauri vifaa hivi kwa jumla vitumike mahali penye joto la nyuzi 16 hadi 40 na unyevu wa hewa ulio chini ya asilimia 85. Katika miji ya mwambao kama Dar es Salaam, Tanga na Unguja, unyevu wa alfajiri huweza kuvuka kiwango hicho. Mtoto aliyetoka juani, aliyebebwa karibu na jiko, au aliyevuliwa kofia sasa hivi ataonekana ana joto kuliko alivyo. Aliyelala mbele ya feni, mwenye jasho, au aliyepanguswa kwa kitambaa chenye maji ataonekana baridi.

Utaratibu ulio bora ni huu:

1. Kifaa na mtoto wakae chumba kimoja, mbali na jua, jiko na feni, kwa dakika 10 hadi 30.
2. Paji lifutwe likauke. Nywele, kofia au kilemba viondolewe, kisha ngozi ipewe muda wa kutulia.
3. Lenzi iwe safi na betri iwe na nguvu.
4. Kifaa kielekezwe katikati ya paji, kwa umbali ulioandikwa kwenye maelezo yake, bila kutikisika.
5. Joto lipimwe mara tatu. Namba zikitofautiana sana, zote zisiaminiwe.

Kwapa bado lina hadhi yake

Kipimajoto cha kidijiti cha kwapani mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo kuliko bastola, nacho huaminika zaidi. Ncha yake iwekwe ndani kabisa ya kwapa lililo kavu, mkono ubanwe kifuani, na mzazi asubiri mlio. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, nyuzijoto 37.5 au zaidi kwapani ni homa. Familia inayoweza kununua kifaa kimoja tu ingenufaika zaidi na hiki. Yenye bastola tayari haina haja ya kuitupa: iitumie kama mlinzi wa mlangoni, ila hukumu itolewe na kwapa.

Ikumbukwe pia kwamba parasetamoli hushusha joto bila kuondoa ugonjwa. Namba nzuri baada ya dawa hiyo si ushahidi wa kupona.

Wakati ambapo namba haina maana

Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea kupita kiasi au aliyepoteza fahamu apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama kifaa kinaonyesha 36. Vivyo hivyo anayepumua kwa shida. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, joto la kwapani la 37.5 au zaidi, au lililo chini ya 35.5, ni dalili ya hatari inayohitaji huduma ya haraka. Katika umri huo paji lisitegemewe kabisa.

Neno kwa wahudumu wa afya

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kumhudumia mtoto mgonjwa hauhesabu homa kwa namba peke yake. Mtoto huhesabiwa kuwa na homa iwapo mzazi ameeleza kwamba alikuwa nayo, au akiguswa ana joto, au kipimo kinafika 37.5. Mwongozo wa taifa wa Uingereza kuhusu homa za watoto nao unataka kauli ya mzazi ichukuliwe kwa uzito. Kwa hiyo mama anayesema, "Usiku alichemka," asirudishwe kwa sababu bastola ya mlangoni imeonyesha 36.5. Aulizwe homa ilianza lini, mtoto achunguzwe, na pale penye malaria apimwe damu. Kinyume chake pia ni kweli: namba kubwa haitoshi kuandikia dawa ya malaria. Tangu mwaka 2010 shirika hilo linapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa.

Mama wa usiku ule hakukosea kununua kifaa, wala hakukosea kukitumia. Kosa lilikuwa kuuvua kiganja chake hadhi ya shahidi. Mtoto anayetetemeka huku tumbo lake likichoma apimwe kwapani, na kama hakuna kipimajoto cha kwapani, achukuliwe kuwa ana homa. Apewe maji au anyonyeshwe, aangaliwe dalili za hatari, na zikionekana safari ianze usiku huohuo. Zisipoonekana, awe miongoni mwa wa kwanza kufika zahanati asubuhi. Akifika huko, mama aeleze alichokiona na alichokigusa, si alichokisoma kwenye kioo tu.