Maua ya njano ya Songwe (2): Mbegu ndiyo shahidi

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwamba ua la alizeti kwa kweli ni kusanyiko la vijiua vingi vilivyobanana juu ya kitako kimoja, na kwamba kile tunachokiita petali ni kijiua cha pembeni kilichorefuka kama ulimi. Leo tunaingia kwenye swali gumu zaidi. Mvua zinapokatika, kingo za barabara kuu kutoka Tunduma kupitia Vwawa hadi Mlowo, mashamba yaliyopumzishwa, na nyasi zilizo pembezoni mwa miyombo hujaa maua ya njano, na anayepita ndani ya basi huona ua la aina moja tu. Sivyo. Pale pale huweza kusimama *Bidens*, *Guizotia*, *Senecio* na *Tithonia*, jenasi nne za familia moja ya alizeti, kila moja na historia yake. Ninachodai ni kwamba macho yetu huanzia mahali pabaya. Tunaanza na rangi, ilhali rangi ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Ushahidi wenye nguvu huja baadaye, ua likishanyauka, nao ni mbegu.

Rangi ni dhaifu kwa sababu haiwalengi binadamu. Ni wito kwa nyuki, na mimea mingi isiyo ya ukoo wa karibu hutoa wito huo huo. Ukubwa wa ua nao hubadilika kwa rutuba: mmea ulioota kwenye samadi na ndugu yake aliyeota kwenye changarawe huweza kuonekana kama spishi mbili. Hata petali zenyewe si za kutegemewa. Kishona nguo, *Bidens pilosa*, ambaye kila mkulima wa kahawa Mbozi amewahi kumbandua kwenye suruali, pengine huwa na petali nyeupe na pengine hana kabisa, akabaki na kitovu cha njano peke yake. Mbegu yake, kinyume chake, haikufichi kitu: nyeusi, nyembamba, ndefu, na kichwani ina meno mawili au matatu yenye ndoano zinazotazama nyuma. Jina *Bidens* lenyewe kwa Kilatini lina maana ya meno mawili. Sasa chukua *Guizotia scabra*, ua la njano la nyasi za nyanda za juu. Ukilitazama kwa mbali utaapa ni *Bidens* mwenye petali za njano, kama *Bidens steppia* anayeota huku kwetu na ng'ambo ya mpaka, Zambia. Kwangua mbegu zake kiganjani: ni laini na zina upara, bila jino wala unyoya. Mbegu ya *Senecio* nayo imebeba manyoya meupe mepesi yanayopeperushwa na upepo. Safari tatu tofauti za mbegu, chini ya rangi moja.

Mtu anayeijua botania atanipinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema mbegu yenyewe iliwahi kuwapotosha wataalamu. Ni kweli. Linnaeus alipotaja *Bidens* na *Coreopsis* mwaka 1753, zikawa jenasi mbili, na baada yake meno yenye ndoano yakatumiwa kuzitenga; mimea ya Afrika yenye maua ya njano ambayo meno ya mbegu zake hayakuwa na ndoano hizo ikatupwa kwenye *Coreopsis*, jina la Kigiriki linalofananisha mbegu na kunguni. Mpaka huo haukusimama barani Afrika, kwa kuwa spishi zilizofanana kwa kila kitu kingine zilitenganishwa na ndoano peke yake. Mesfin Tadesse, mtaalamu kutoka Ethiopia, alipochapisha uchambuzi wake wa *Bidens* za Afrika mwaka 1993, mimea hiyo iliunganishwa ndani ya *Bidens*. Je, hapo shahidi wangu ameanguka? Naona ameonywa tu. Kosa lilikuwa kukata kesi kwa alama moja ya mbegu bila kuwaita mashahidi wengine. Mbegu hutangulia, kisha huulizwa majani na vijani vya kijani vinavyokumbatia kitako cha ua. *Senecio* huwa na jani moja moja kwa kupokezana kwenye shina, na vijani vya kitakoni vimejipanga safu moja vikiwa sawasawa. *Bidens* na *Guizotia* kwa kawaida huwa na majani mawili mawili yanayotazamana, na safu mbili za vijani zisizofanana. Ushahidi huo ukikubaliana na mbegu, kosa huwa gumu kutokea.

Pingamizi la pili ni la mkulima: mbegu huchelewa, na palizi haisubiri. Hilo nalikubali kwa sehemu. *Tithonia diversifolia*, alizeti pori iliyotoka Meksiko na Amerika ya Kati, haihitaji kusubiriwa: majani yake hugawanyika ncha tatu hadi tano, na shingo iliyo chini ya ua imevimba na ina uwazi ndani. Majani hayo yana naitrojeni nyingi na hufaa sana kuwa mbolea ya kijani. Lakini anayeyaita maua yote ya njano alizeti pori, kisha akakata chochote kwa ajili ya mbolea, lishe au dawa, anabeba hatari. Spishi nyingi za *Senecio* zina sumu inayoharibu ini la ng'ombe na la mtu. Mwaka 1920 madaktari wa Afrika Kusini walieleza vifo vya watu waliokula mkate wa ngano iliyochanganyika na mmea huo. Kwa ajili ya hilo, wiki kadhaa za kungoja mbegu si nyingi.

Anayetaka jina la uhakika akate tawi lenye ua, majani na mbegu zilizokomaa kwa pamoja, alibane katikati ya magazeti makavu, abadilishe karatasi kila siku hadi likauke, na aandike mahali, tarehe na rangi ya petali, maana rangi hufifia. Herbari ya Taifa iko Arusha, na kielelezo kisicho na mbegu ndicho kinachowasumbua zaidi wanaokitambua. Sehemu ijayo itashughulikia maua ya njano yanayotoa utomvu mweupe, yaani mchunga na ndugu zake.