Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye vioski hapa Komarock wanalijua hilo. Je, kompyuta zetu?

Katika mfumo wa Ubuntu, uliotolewa mwaka wa 2004, unaagiza programu moja moja: weka hii, ondoa ile. Mashine ikifa, nani atakumbuka yote yaliyofanywa kwa miaka mitatu?

NixOS ni tofauti. Msingi wake ni Nix, aliyoianzisha Eelco Dolstra kule Uholanzi mwaka wa 2003. Unaandika katika faili kila unachotaka, nayo mashine inajipanga ilivyoandikwa. Badiliko likileta balaa, unairudisha ilivyokuwa jana. Kujifunza lugha yake ni kibarua, lakini faili hiyo yaweza kupanga maabara nzima.

Mwanafunzi mwenzangu, utaamini kichwa au daftari?