Rekodi za Ubongo, Akili Mnemba na Neno "Kushiriki"

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuwapa watafiti rekodi za ubongo wa wagonjwa ni suala la lugha kama lilivyo suala la tarakilishi.

Umeme wa ubongo ni hafifu mno. Mjerumani Hans Berger aliurekodi kutoka kichwani mwa binadamu mwaka wa 1924, akachapisha matokeo yake mwaka wa 1929. Kipimo hicho, EEG kwa jina la hospitalini, huchukuliwa kwa kubandika vipande vya metali kwenye ngozi ya kichwa, na mistari inayopandashuka humsaidia daktari kutambua kifafa. Wajuzi wa kuisoma ni haba. Hapo ndipo akili mnemba (au akili unde, kwani istilahi haijatulia) inapoingia: tarakilishi hulishwa rekodi nyingi ambazo madaktari wameshazitia alama, nayo ikajifunza kutokana na alama hizo.

Rekodi za nani? Mkusanyo mmoja unaotumiwa sana, uliofunguliwa kwa watafiti wa dunia nzima mwaka wa 2010, una wagonjwa 22 wa hospitali ya watoto ya Boston, Marekani. Mtoto wa Matulo, kule Webuye katika Kaunti ya Bungoma, hayumo. Naye ana visababishi vinavyohusu mazingira yake: malaria iliyopanda kichwani, tegu wa nguruwe ubongoni, madhara ya uzazi mgumu. Shirika la Afya Duniani hukadiria watu milioni 50 wenye kifafa, karibu asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watafiti wa KEMRI huko Kilifi wamechunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi, EEG ikiwa miongoni mwa vipimo vyao. Basi rekodi za kwetu zinahitajika, na wenye kuzitoa ni watu.

Tuchukulie mama wa Matulo, msemaji wa Lubukusu, anaeleza kuwa mwanawe alikauka, macho yakageuka. Karani anaandika "degedege". Neno hili, ambalo imani za pwani hulihusisha na dege, pepo wa umbo la ndege, kliniki nyingi hulitumia kwa mtukutiko wa homa. Kifafa ni jambo jingine. Alama ikipotoka hapo, tarakilishi itajifunza upotovu huo kwa bidii ileile.

Gumu zaidi ni ridhaa. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti, hudai ridhaa ya mzazi kwa mtoto, na humruhusu mtu kuiondoa ridhaa yake. Lakini fomu ikisema "tutashiriki rekodi za mwanao", mama ataelewa nini? Kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo; si kumpa mwingine kitu. Kosa hili limezagaa, hata miongoni mwetu tunaosomea lugha. Isitoshe, rekodi ikishanakiliwa ng'ambo, kuondoa ridhaa ni kama kuzoa maji yaliyomwagika.

Tungependekeza sentensi hii: "Tutawapa watafiti wengine, hata wa nchi za nje, mchoro wa ubongo wa mwanao bila jina lake, nakala zikishatoka, huenda tusiweze kuzirejesha." Ya Lubukusu tunawaachia wenzetu wa Bungoma na Kitale, ambao mama huyo atawaelewa bila mkalimani.