Mwajiri Aanze Nyumbani Kwake

Mwezi Julai 2020 Benki ya Dunia iliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi zenye uchumi wa kati. Hapa Mwanza mabadiliko hayo yalikuwa yamekwisha kuonekana. Viwanda vya minofu ya sangara, dhahabu ya Geita, biashara na utumishi wa umma vimezaa tabaka la watu wenye kipato cha uhakika, ambao mume na mke wote hutoka asubuhi kwenda kazini. Nyumba ya namna hiyo huhitaji mtumishi.

Mtumishi huyo aghalabu ni binti kutoka vijijini na visiwani. Ni kweli, basi, kwamba tabaka hili limeongeza ajira. Lakini ajira hiyo hufanyika nyuma ya mlango uliofungwa, na mara nyingi mapatano yake ni ya mdomo tu, kati ya mwajiri na mzazi, binti mwenyewe asiulizwe.

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, inaagiza mapumziko ya saa 24 kila wiki, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa kawaida anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Shirika la WoteSawa la hapa Mwanza limefanya kazi kubwa ya kuzieneza haki hizi.

Tatizo ni kwamba afisa anayepaswa kuisimamia sheria mara nyingi naye ni mwajiri. Wahenga walisema mganga hajigangi. Katika jambo hili hana budi kujiganga. Atakayemwandikia mtumishi wake mkataba leo ndiye atakayekuwa na uso wa kumdai mwenye kiwanda kesho.

Nanyi wazazi wa Ukerewe na visiwa vingine, msimkabidhi binti kwa sifa za mji. Ulizeni anakwenda kwa nani, kwa mshahara gani, na siku ipi atapumzika. Serikali ya kijiji nayo iyaandike hayo daftarini kabla hajapanda meli. Aliye na umri wa shule, mahali pake ni darasani.

Tabaka lililoinuliwa na mshahara lisiwe la kwanza kumnyima mwingine wake.