Homa ya Mgonjwa wa Lukemia Haingoji Asubuhi

Ndugu wanakikundi, mara nyingi tunachanga pesa ili mwenzetu akatibiwe lukemia, yaani saratani ya damu. Akirudi nyumbani tunamshukuru Mungu, tukidhani kazi imekwisha. Kumbe kuna hatari nyingine.

Dawa za saratani ni kali. Zinaua chembe za ugonjwa, lakini zinapunguza pia chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Kwa dawa nyingi, askari hao huwa wachache zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14. Bakteria wakiingia wakati huo, huenda tusione usaha wala uvimbe, kwa sababu hao askari ndio huvileta. Mara nyingi dalili ni homa tu.

Basi daktari hutazamaje ndani? Hupima protini za damu. Moja ni CRP, iliyogunduliwa New York mwaka 1930. Hutengenezwa na ini, na kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haizidi miligramu 10 kwa lita. Bakteria wakishambulia, hupanda sana kwa siku moja au mbili. Nyingine ni prokalsitonini, ambayo hupanda mapema zaidi, katika saa chache. Zikizidi kupanda, daktari hujihadhari hata kama mgonjwa anaongea vizuri. Zikishuka, ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Lakini tusidanganyike. CRP yaweza kupandishwa na saratani yenyewe, na homa inapoanza tu, zote mbili zaweza kuwa bado chini. Kwa hiyo daktari hangoji majibu. Dawa ya kuua bakteria yapaswa kuanza ndani ya saa moja baada ya mgonjwa kufika.

Sisi tufanye nini?

1. Kikundi kinunue kipimajoto, na jamaa wafundishwe kukisoma.

2. Kikifika 38, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata usiku.

3. Tusiseme, "Aah, ni malaria tu," tukampa vidonge vya dukani. Vya kutuliza homa huficha hatari.

4. Tuweke nauli kando mapema, na tumweleze daktari tarehe mgonjwa alipopata dawa za saratani.

Tulichanga ili apone. Tusimpoteze kwa kungoja matatu ya asubuhi.