Nuru na Kuganda kwa Nta

Katika miezi ya Juni na Julai, mafuta ya nazi yaliyoletwa Elerai kutoka pwani huganda chupani, ilhali Dar es Salaam mafuta hayo hayo huweza kubaki kiowevu. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi za Sentigredi, na Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya bahari, hupata alfajiri za baridi zaidi ya hapo. Kabla ya kuganda, mafuta hutanda weupe. Weupe huo ni kipimo.

Mafuta ya nazi si haidrokaboni halisi, kwa kuwa yana oksijeni. Nta ya kawaida ya mshumaa, itokanayo na mafuta ghafi, ni mchanganyiko wa haidrokaboni. Vipande vyake vitiwe katika neli ya majaribio pamoja na kipimajoto, na neli itumbukizwe katika maji ya nyuzi 80 hivi. Nta isipashwe juu ya moto wenyewe, kwani yaweza kuwaka. Ikiisha kuyeyuka, chumba kitiwe giza na mwali wa tochi upitishwe katikati ya neli. Nta iliyo kiowevu huuacha mwali upite. Ipoapo, fuwele za kwanza hutokea. Nazo hupinda nuru kwa kiasi tofauti na kiowevu kinachozizunguka, hata nuru ikatawanyika. Atazamaye kutoka ubavuni huona njia ya mwali ikianza kung'aa. Halijoto ya wakati huo iandikwe.

Fuwele zikizidi sana urefu wa wimbi la nuru, yaani nanomita 400 hadi 700, hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Ndiyo sababu nta huwa nyeupe, kama wingu la matone ya maji juu ya Mlima Meru.

Kisha nta ipashwe polepole, na halijoto ya kutoweka kwa weupe iandikwe pia. Mara nyingi namba hizo mbili hazilingani. Kiowevu chaweza kupoa kupita kiwango chake kabla fuwele hazijaanza, na kukipoza haraka huongeza tofauti hiyo. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi.

Katika nchi za baridi kali, jambo hili huweza kusimamisha magari. Dizeli nayo ina nta, na fuwele zake huweza kuziba chujio la injini ingawa mafuta yenyewe bado hutiririka. Maabara za mafuta hupima mwanzo wa weupe huo kwa macho au kwa mitambo ya nuru. Kanuni ni ile ile ya tochi na mshumaa.