Usikate springi za gari kwa ajili ya urembo

Ukisimama Kawangware 46 jioni, matatu kutoka mjini zinaposhusha abiria, hutakosa kuona gari dogo, mara nyingi Subaru Impreza, likipita huku limeinama nusura lilambe lami. Vijana hugeuza shingo kulitazama. Lakini likifika kwenye tuta, dereva hulazimika kupita upandeupande, na hata hivyo tumbo la gari husugua chini.

Mengi ya magari haya si ya mashindano. Asubuhi hupeleka watoto shuleni na mwishoni mwa wiki huenda mashambani na mzigo. Kwa hivyo suala hili linamhusu mzazi sawa na kijana wake.

Ni kweli kwamba gari lililoshushwa kiasi halilali sana kwenye kona, kwa kuwa uzito wake uko karibu na ardhi. Tatizo ni njia ya mkato ya kukata springi. Tuseme springi ina mizunguko 6 inayofanya kazi, nawe ukate mmoja. Itakayobaki itakuwa ngumu kwa asilimia 20 zaidi. Ni ngumu zaidi, lakini pia ni fupi, na gurudumu likining'inia kwenye shimo springi yaweza kulegea na kutoka mahali pake.

Msomaji akumbuke kwamba kazi ya springi ni kubeba uzito, nayo shokomzoba, au shoki kama wasemavyo mafundi, hutuliza mruko wake. Ukifupisha springi na kuacha shoki ya zamani, shoki hiyo hubaki na nafasi ndogo ya kushuka. Kila shimo huigongesha mwisho wake, na baada ya muda huanza kuvuja mafuta. Magurudumu nayo huinamia ndani, na tairi huisha upande mmoja kabla hujarudisha pesa zako.

Wanaodhani gari la kasi sharti liwe chini wakumbuke Safari Rally. Colin McRae aliposhinda mbio hizo mwaka 1997 akiendesha Impreza, gari lake halikuwa limelala chini. Magari ya Safari yaliinuliwa, yakatiwa shoki imara zenye mwendo mrefu, ili magurudumu yabaki ardhini kwenye mawe na makorongo. Mbio hizo ziliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha, barabara bado zilidai vivyo hivyo. Fundi mzuri huanza na barabara, kisha ndipo afikirie urembo.

Je, ufanye nini? Kwanza kagua ulicho nacho. Bonyeza kona moja ya gari kwa nguvu, kisha uachilie. Likipanda na kutulia mara moja, shoki ingali hai. Likiendelea kunesanesa, au ukiona mafuta yakitiririka, shoki imekufa. Badilisha mbili za mbele pamoja, au mbili za nyuma pamoja. Aidha kagua bushi, kwani mara nyingi mlio unaodhaniwa kuwa wa shoki hutokana na bushi iliyokwisha.

Ukitaka kushusha gari, nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa aina ya gari lako, pamoja na shoki zinazolingana nazo. Huko Kirinyaga Road, ambako wengi bado hukuita Grogan, utapata pia koilova, yaani springi na shoki zilizoshikana, ambazo huweza kupandishwa na kushushwa. Zilizotumika nje ya nchi zikague kwa makini: baadhi zilitengenezewa viwanja laini vya mbio, nazo ni ngumu mno kwa barabara zetu.

Wakati wa kuzifunga, boliti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, wala si likiwa juu ya jeki. Vinginevyo raba hujipinda na kupasuka mapema. Kisha weka upepo sahihi kwenye tairi na upeleke gari kunyooshwa magurudumu. Baada ya hapo ndipo urekebishe ugumu wa shoki. Anza upande wa laini, ongeza hatua moja tu, kushoto na kulia sawasawa, kisha upite barabara ileile unayoitumia kila siku. Gari likirukaruka kwenye mashimo madogo, umezidisha. Rudisha hatua moja. Andika kila badiliko kwenye daftari.

Mwisho, jaribu gari likiwa na watu na mizigo. Gari linalopita vizuri dereva akiwa peke yake laweza kugonga tuta watoto watatu wakiwa nyuma. Ikiwa huna pesa za vifaa vinavyolingana, acha springi za kiwandani mahali pake na ununue shoki mpya. Hakuna atakayegeuza shingo pale 46, lakini dereva atafunga breki akiwa na hakika kwamba magurudumu yote manne yako ardhini.